Shamba la Mtae, usitoe hela bado

Dada, umeuliza kama karatasi ya mwenyekiti wa kitongoji inatosha kununulia shamba kule Mtae, Usambara. Haitoshi. Ardhi ya kijiji iko chini ya halmashauri ya kijiji, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kwa hiyo anzia kwa mtendaji wa kijiji. Kisha tembea mpaka wote na majirani. Ukikuta mstari wa masale, mimea inayopandwa kuonyesha mpaka, uliza nani aliyapanda na lini; shangazi yangu aling'olewa masale usiku, akapoteza hatua sita za shamba, na hadi leo inamuuma.

Na usiende kuliona kiangazi tu. Panda Aprili, masika, uone barabara kutoka Lushoto ikiwa na utelezi. Beba sweta zito.