Wadogo zangu wa chanjo, dozi moja ya HPV sio bure

Mbukwenyi. Juzi Jumanne nipo kliniki namsikia mdogo wangu mmoja, mchapakazi kweli, anamwambia binti wa miaka 19 aliyepata dozi moja tu ya HPV, ile chanjo ya kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, "hukumaliza dozi wewe, ni kama hujachanjwa". Jamani! Mnalirudia tu hili kosa, naomba mnisome mpaka mwisho.

1. Kwanza muulize alichanjwa mwaka gani. Hapa Tanzania tulianza 2018 na wa miaka 14, dozi mbili zinapishana miezi sita. Toka Aprili 2024 ni moja, miaka 9 mpaka 14.

2. Hili linaniuma mpaka leo. Mwishoni mwa 2019 tulienda mkoba, yaani kuchanja nje ya kituo, huko Bahi, jua kali, watu wengi, akaja binti na bibi yake, ya kwanza alichomwa shuleni halafu akapelekwa mjini kazi za ndani, karudi muda umeshapita na kadi hana. Nikamwambia mbele za watu, "hiyo ya kwanza imeshakufa, ungewahi". Sikumchoma, na chanjo ilikuwemo kwenye kibebeo! Hata kipindi kile aliyechelewa alikuwa anachomwa ya pili, haanzi upya, na nilikuwa najua, nilichoka tu nikataka rejesta ikae vizuri. Bibi akasema taratibu, "kumbe mlimchoma bure". Mkoba uliofuata kina mama watatu wakakataa mabinti zao wasichomwe, kwa maneno yangu yale yale. Binti sikumuona tena. Halafu yakatoka majibu ya utafiti wa Kenya, mabinti wa miaka 15 hadi 20, dozi moja tu, miezi 18 baadaye kinga dhidi ya maambukizi sugu ya kirusi cha HPV aina ya 16 na 18 ni asilimia 97.5, na hizo mbili ndio chanzo cha kama asilimia 70 ya saratani ya mlango wa kizazi. Nikaweka simu chini nikamkumbuka yule mtoto. Alikuwa na kinga yake mwilini, mimi nikamwambia hana kitu.

3. Maambukizi na saratani msivichanganye mkienda kutoa elimu. Marekani mabinti wa miaka 14 hadi 19 wenye maambukizi ya aina za HPV zilizomo kwenye chanjo walikuwa asilimia 11.5 miaka ya 2003 hadi 2006, wakashuka hadi 5.1 kati ya 2007 na 2010, na waliochanjwa walikuwa kama theluthi tu! Hayo ni maambukizi, saratani inachukua miaka mingi kutokea. Na chanjo haimtoi kirusi aliyeshaingia, ndio maana tunawawahi wakiwa wadogo.

4. Mwenye VVU WHO wanasema zisipungue mbili, ikiwezekana tatu.

5. Akishachomwa akae dakika 15, wanazimia hawa.

6. Aliyechanjwa umri ukifika bado anapimwa saratani ya mlango wa kizazi. Yule wa Jumanne nilimwita pembeni nikamwambia chanjo yako inafanya kazi mwanangu, ila kupima usiache. Akakaa kimya kidogo, akaniuliza, mdogo wangu ana miaka 11 yuko Chamwino kwa bibi, naweza kumleta? Nikamwambia mlete Alhamisi, nitakuwepo.