Maswali ya wasomaji: akili mnemba (AI) kwenye shughuli za pembeni

SWALI: Nina kuku wa mayai 120, nawahudumia jioni nikitoka kazini. ChatGPT ilinitengenezea jedwali la mauzo kwenye Google Sheets. Mwisho wa mwezi nilikuwa na mistari 39 ya mauzo, lakini jumla ya jedwali ilikuwa ndogo kuliko ya daftari langu. Hakuna alama yoyote ya kosa. Fomula ni mbovu?
Mfugaji, Pasua, Moshi

JIBU: Kabla ya kuilaumu fomula, tazama ulivyoandika bei. Ukiandika 9500, jedwali linaona namba. Ukiandika 9500/= au "Sh 9500", linaona maneno, na SUM, fomula ya kujumlisha, hupita juu ya maneno kimyakimya, ndiyo maana hukuona alama ya kosa. Mbaya zaidi ni nukta: katika jedwali lenye mipangilio ya Marekani au Uingereza, 9.500 ni tisa na nusu.

Kipimo ni hiki. Bei zikiwa C2 hadi C40, andika pembeni =COUNT(C2:C40), na chini yake =COUNTA(C2:C40). Ya kwanza huhesabu namba tu, ya pili huhesabu kila seli yenye kitu. Ukipata 33 na 39, mistari sita haijaingia kwenye jumla. Ifute ile /= au Sh, badili muundo wa safu uwe wa namba, kisha andika bei upya kwenye seli zilizogoma. Nukta haitanaswa na kipimo hiki kwa sababu 9.500 bado ni namba, kwa hiyo pitisha jicho kwenye safu utafute bei ndogo kupita kiasi.

Ukiwa humo, fungua mipangilio ya faili uangalie nchi. Ikiwa ni Marekani, 03/04 uliyoiandika ukimaanisha tarehe 3 Aprili itasomwa Machi 4, na mauzo yako yatahamia mwezi mwingine. Weka Uingereza, maana wao pia hutanguliza siku. Fanya hivyo kabla ya kuendelea kuingiza tarehe. Zile zilizokwisha kusomwa vibaya hazijirekebishi, itabidi uziandike upya.

SWALI: Nimetengeneza kwa Gemini programu ndogo ya kupokea miadi ya wateja wa kusuka. Mteja akiandika "saa 4 asubuhi", inampangia saa kumi alfajiri. Nimeieleza mara tatu, inaomba radhi na kurudia.
Msusi, Sakina, Arusha

JIBU: Hili huwapata wengi wanaotengeneza kitu cha kutumiwa na Waswahili, na kuieleza kwa maneno hakutoshi. Zana hizi zimesoma Kiingereza kingi mno, na huko 4 ya asubuhi ni 04:00. Sisi tunahesabu tangu jua linapochomoza. Ukirekebisha ndani ya mazungumzo, inarekebisha jibu lile moja tu, huku programu yenyewe ikibaki na kanuni ya zamani.

Ipe kanuni iandikwe ndani ya programu. Saa za asubuhi, mchana, alasiri na jioni: ongeza 6. Saa 1 hadi saa 5 usiku: ongeza 18. Saa 6 usiku ni 00:00. Saa 7 usiku hadi saa 11 alfajiri: toa 6. Kuna mtego mmoja ambao hata wazoefu wa kazi hii huusahau: saa 12 asubuhi ni 06:00, ilhali saa 12 jioni ni 18:00. Kanuni ya kuongeza 6 ukiiacha peke yake itaifanya saa 12 ya asubuhi kuwa jioni.

Kisha iambie: "Andika jaribio litakaloendeshwa kila programu inapobadilishwa. Saa 4 asubuhi iwe 10:00. Saa 9 alasiri iwe 15:00. Saa 12 asubuhi iwe 06:00. Saa 12 jioni iwe 18:00. Saa 6 usiku iwe 00:00. Saa 11 alfajiri iwe 05:00." Majibu hayo unayajua wewe, hayatoki kwake, na ndiyo ulinzi wako. Programu ikikosea hata moja kati ya hayo, usiipokee. Na mteja akiandika "saa 4" bila kusema ni ya asubuhi au ya usiku, programu imuulize, isikisie.

Hakikisha pia saa za eneo ni GMT+3, yaani saa za Afrika Mashariki. Na kila toleo linalofanya kazi lihifadhi kwa jina lenye tarehe kabla ya kuomba badiliko jingine. Omba badiliko moja kwa wakati. Ukiomba matano pamoja na kitu kikaharibika, hutajua ni lipi lililokiharibu.

SWALI: Natunza hesabu za kikundi chetu cha kuweka na kukopa, watu 25. Naweza kubandika orodha yetu ili AI ipige riba? Niliijaribu kwa mkopo mmoja wa 200,000, riba asilimia 5 kwa mwezi, miezi 4. Ilitoa riba 25,000. Sisi tunatoza 40,000.
Mweka hazina, Kiboriloni, Moshi

JIBU: Hesabu zote mbili ni sahihi, mkopo ndio umeelezwa nusu. Ninyi mnatoza asilimia 5 ya mkopo wote kila mwezi: 10,000 mara 4. Yenyewe ilipiga riba kwenye salio linalopungua kadiri mkopaji anavyorudisha 50,000 kwa mwezi: 10,000, 7,500, 5,000 na 2,500. Andika wazi "kila mwezi riba inapigwa kwenye mkopo wote wa mwanzo, bila kupunguza kilichokwisha kurudishwa". Usiitake ijumlishe orodha ndefu yenyewe, huko hukosea. Iombe fomula, jedwali ndilo lipige hesabu, na mkopo huu wa 40,000 uwe kipimo chako.

Orodha usiibandike ilivyo. Majina na namba za simu za wanachama zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, nayo ina masharti kuhusu kupeleka taarifa nje ya nchi. Hao 25 walizikabidhi kwako, hawakuzikabidhi kwa kampuni ya ng'ambo. Badala ya majina weka M01 hadi M25, futa safu ya simu, na ufunguo wa nani ni M07 ubaki kwenye daftari la kikundi. Kwa kutengeneza fomula, hata mistari mitatu ya mfano inatosha.