Sumu isiyonuka na umeme unaorudi nguzoni: maswali ya wasomaji kuhusu jenereta

Barua nyingi zilizofika mezani kwangu safari hii zinahusu jenereta za akiba, yaani zile zinazowashwa umeme wa gridi unapokatika. Nimechagua nne. Mbili za kwanza nimezijibu kwa urefu, kwa sababu zinagusa hatari mbili ambazo macho hayazioni na ambazo kwa sababu hiyo watu wazuri na waangalifu huzidharau.

Swali: Ndugu Fundi, tuna jenereta ndogo ya petroli. Kwa kuogopa wezi na mvua, mume wangu huiweka kwenye ujia ulio kati ya jiko na stoo, kisha hufungua dirisha na mlango wa nyuma ili moshi utoke. Siku ambazo imewaka usiku kucha, mimi na watoto huamka na vichwa vizito na mdogo wetu hutapika. Mume wangu anasema kama kungekuwa na hatari tungesikia harufu. Ni kweli? *(Mama wa watoto watatu)*

Jibu: Mama, si kweli, na ninakuomba umwambie mumeo aitoe mashine hiyo nje leo, kabla umeme haujakatika tena. Vichwa vizito na kutapika baada ya usiku wa jenereta ni dalili za sumu ya kaboni monoksaidi, na watoto huathirika haraka kuliko watu wazima kwa kuwa hupumua kwa kasi zaidi. Wapeleke wakapimwe, hata kama leo wanacheza kama kawaida.

Kaboni monoksaidi hutoka katika kila injini inayochoma mafuta. Haina rangi wala harufu, na haiwashi macho wala kukwaruza koo. Harufu mnayoijua ya ekzosi inatokana na masalia mengine ya mafuta, kwa hiyo inaweza kupungua au pua ikaizoea huku sumu yenyewe ikiendelea kujaa chumbani. Ikiingia mapafuni hushikana na himoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayozidi ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200, hivi kwamba damu inaendelea kuzunguka mwilini lakini haibebi kile ambacho ubongo na moyo vinakihitaji. Mtu aliye macho huanza kwa kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kuwa mizito, kisha akili inachanganyikiwa kiasi kwamba hakumbuki hata kwenda mlangoni. Aliyelala hapiti katika hatua hizo, kwa maana usingizi wake unazidi tu kuwa mzito mpaka asiamke.

Dirisha lililofunguliwa halitoshi. Hewa haitoki ndani kwa utaratibu kama maji yanavyotoka katika bomba: upepo ukibadilika unaisukuma kurudi ndani, na injini moja ndogo hutoa gesi hii kwa kasi kubwa kuliko mlango unavyoweza kuitoa. Ndiyo sababu hata banda la gari lenye mlango wazi, veranda, chini ya ngazi na chumba cha chini ya nyumba ni mahali pasipofaa. Jenereta ya kubebeka ikae nje kabisa, angalau mita 6 kutoka kwenye mlango, dirisha au tundu lolote la hewa, na ekzosi ielekezwe mbali na nyumba, ikiwemo nyumba ya jirani.

Niliwahi kuitwa katika nyumba moja kukagua taa zilizokuwa zikififia. Jenereta ilikuwa nje, lakini imeegemezwa ukutani chini ya chumba cha kulala. Juu ya ekzosi palikuwa na doa jeusi la masizi lililopanda ukuta kama mkia, likaishia kwenye kona ya wavu wa dirisha, na nilipolivuta pazia upande wa ndani vidole vyangu vilitoka na weusi uleule. Wenye nyumba walikuwa wakidhani maumivu yao ya kichwa yanatokana na kelele. Mama, kagua ukuta na mapazia yako, ingawa usafi wake usikufanye ujione salama, kwani injini inayochoma mafuta vizuri haiachi masizi na bado inatoa sumu.

Hofu ya mumeo kuhusu wezi na mvua ni ya haki na ina ufumbuzi. Nondo nene izikwe katika zege na mashine ifungwe hapo kwa mnyororo. Mvua izuiwe kwa paa dogo lililo wazi pande zote, lililoinuliwa vya kutosha ili joto lisijikusanye chini yake, na mashine iwekwe juu ya kitako kikavu mahali ambapo maji hayatuami. Msiijengee kibanda kilichofungwa, kwa sababu itakosa hewa ya kujipoza na kuta zinaweza kushika moto. Pia nunueni kifaa cha kuonya kuhusu kaboni monoksaidi, kile kinachotumia betri, kikae karibu na vyumba vya kulala, na mkijaribu kila mwezi kwa kubonyeza kitufe chake.

Iwapo siku moja mtaona dalili hizi mashine ikiwa inawaka, watu wote watoke nje kwanza. Asirudi mtu ndani kuzima mashine wala kuchukua simu. Mkifika hospitali mwambieni daktari waziwazi kwamba jenereta ilikuwa ikiwaka karibu nanyi, kwa kuwa kile kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni hakitofautishi damu yenye oksijeni na damu iliyoshikwa na sumu hii, kwa hiyo kinaweza kuonyesha namba nzuri kwa mgonjwa aliye hatarini. Daktari akijua ataagiza kipimo sahihi cha damu na kumpa mgonjwa oksijeni, ambayo hupunguza sumu mwilini kwa haraka zaidi: katika hewa ya kawaida huchukua saa 4 hadi 5 kupungua kwa nusu, na kwa oksijeni safi huchukua takriban saa moja hadi moja na nusu.

Swali: Fundi, mtu mmoja amenitengenezea waya wenye plagi pande zote mbili. Upande mmoja ninauchomeka kwenye jenereta na mwingine kwenye soketi ya sebuleni, na nyumba nzima inapata umeme. Ninakumbuka kuzima swichi kuu kabla. Jirani ananiambia nitaua mtu. Je, anatia chumvi? *(Msomaji wa kiume)*

Jibu: Ndugu yangu, jirani yako hatii chumvi hata kidogo. Uchukue waya huo, ukate plagi moja na usiutumie tena kwa kazi hiyo.

Tuanze na wewe mwenyewe. Ikiwa upande mmoja umechomekwa kwenye jenereta inayowaka, pini za plagi ya upande wa pili ziko wazi na zina umeme wa volti 230. Ukijikwaa gizani, plagi ikachomoka na mtoto akaiokota, atashika umeme mkononi, na hakuna kifuniko wala swichi itakayomwokoa. Zaidi ya hayo, umeme ulioingilia kwenye soketi umepita nyuma ya saketi breka zilizowekwa kuulinda mfumo wako, hivyo waya za ukutani zinaweza kubeba mkondo mkubwa kuliko uwezo wao pasipo kitu cha kuukata.

Sasa fikiria siku utakayosahau kuzima swichi kuu, au mtu mwingine wa nyumbani atakayewasha mashine bila kuujua utaratibu wako. Umeme utatoka nyumbani kwako, utapita kwenye mita na kufika kwenye transfoma ya mtaa. Transfoma haina upande wa kuingilia na upande wa kutokea pekee. Ile inayoshusha volti 11,000 hadi 230 za nyumbani, ikilishwa kinyume, huzipandisha tena hadi maelfu ya volti. Huko juu kuna fundi wa shirika la umeme aliyepanda nguzo kutengeneza waya uliokatika. Wapo wanaosema kwamba jenereta ndogo haiwezi kulisha mtaa mzima na itazimika yenyewe. Mara nyingine huzimika kweli, lakini kama waya umekatika hatua chache kutoka kwako, kipande kilichobaki hakina mzigo wa kuizima, na hicho ndicho kipande ambacho fundi amekuja kukishika. Tena umeme wa gridi ukirudi wakati mashine yako inawaka, vyanzo viwili visivyoendana vitagongana, na koili za jenereta zinaweza kuungua na kuwaka moto papo hapo.

Njia sahihi ni swichi ya kubadilishia, ambayo mafundi wengi huiita chenjiova. Mkono wake una vituo vitatu, yaani gridi, sifuri na jenereta, na kwa jinsi ilivyoundwa haiwezekani vyanzo viwili vikaunganishwa kwa wakati mmoja, kwa kuwa lazima upite sifuri kwanza. Hapo usalama haumtegemei mtu kukumbuka. Kwa nyumba ya fezi moja, swichi ikate laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro (waya unaourudisha) kwa pamoja, na waya wa ardhi usikatwe kamwe. Ifungwe na fundi umeme mwenye leseni na shirika la umeme lipewe taarifa pale sheria inapotaka hivyo. Kama kwa sasa huna uwezo wa kuinunua, chomeka vifaa vichache moja kwa moja kwenye jenereta kwa kebo nene ya kufaa matumizi ya nje, na kama ni ya kuviringishwa kwenye gurudumu, ikunjue yote, kwa maana ikiwa imeviringwa na ina mzigo hupata joto hadi ganda lake kuyeyuka.

Swali: Je, ninaweza kuongeza petroli mashine ikiwa inaunguruma, ili kompyuta yangu isizimike? *(Mwanafunzi)*

Jibu: Hapana, kijana wangu. Petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata katika baridi kali chini ya sifuri, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hutambaa chini mpaka ukutane na ekzosi yenye joto au cheche. Hifadhi kazi yako, ondoa mzigo, iache mashine izunguke tupu dakika chache, izime, kisha subiri angalau dakika 15 ipoe. Usijaze tangi mpaka juu, kwa kuwa mafuta hutanuka yakipata joto. Dumu liwe lile lililotengenezwa kwa ajili ya petroli, lijazwe likiwa chini ardhini, na lihifadhiwe nje ya nyumba ya kulala. Usingoje pia mashine izimike yenyewe kwa kuishiwa, kwa sababu volti huyumba inapokata roho na hiyo kompyuta ndiyo itakayoumia.

Swali: Tunakusudia kufunga jenereta ya dizeli inayojiwasha yenyewe kwenye zahanati yetu. Tumekwisha kupokea bei za wakandarasi, lakini hatujui tuwaulize nini kuhusu usalama. *(Kamati ya zahanati)*

Jibu: Waulizeni kwanza walivyopata ukubwa wa mashine. Mkandarasi asiyehesabu vifaa vyenu kimoja kimoja amekisia. Namba ya kVA, yaani kipimo cha ukubwa kinachoandikwa kwenye jenereta, si sawa na kilowati, kwani kwa kawaida mashine ya kVA 10 hutoa kilowati 8. Mota za pampu na majokofu huvuta mkondo mara 5 hadi 7 ya kawaida zinapoanza, kwa hiyo mashine iliyotosha kwenye karatasi inaweza kuzidiwa kila pampu inapowaka. Kubwa kupita kiasi nayo ina madhara yake, kwa sababu injini ya dizeli inayofanya kazi muda mrefu chini ya asilimia 30 ya uwezo wake haichomi mafuta vizuri na hujaza ekzosi uchafu.

La pili ni ardhi. Mwili wa jenereta uunganishwe na nondo ya ardhi, na ukinzani wake upimwe kwa kifaa mbele yenu na kuandikwa. Fundi awaonyeshe pia mahali pekee ambapo nyutro inaungana na ardhi. Bila muungano huo, kile kikata umeme kinachohisi uvujaji hakitafanya kazi siku mtu atakaposhika waya, na ikiwa imeunganishwa mahali pawili kitakata ovyo. Mwambieni fundi akipime kikata umeme hicho wakati mashine ndiyo inayolisha jengo, kwa maana wengi hukijaribu kwenye umeme wa gridi tu na kuondoka.

Ekzosi ipande juu na itoke mbali na madirisha ya wodi, na bomba lake lifungwe vizuizi vya joto mahali mkono unapoweza kufika. Mashine iwashwe kila mwezi kwa dakika 30 ikiwa na mzigo halisi.

Nimeliacha mwisho jambo ambalo wakandarasi husahau kulieleza. Mashine inayojiwasha haingoji mtu amalize kuisafisha. Anayefungua kifuniko ili kupima oili au kukaza mkanda wa feni aweke kwanza swichi ya udhibiti kwenye nafasi ya kuzima, kisha achomoe waya hasi wa betri, na ufunguo akae nao mfukoni mwake hadi amalize. Betri yenyewe hutoa hidrojeni inapochajiwa, kwa hiyo chaja izimwe kabla ya kugusa nyaya zake, asije akapiga cheche. Kwenye uzio wa mashine pabandikwe kibao chenye herufi kubwa, katika lugha inayosomwa na mfagiaji na mlinzi, kinachosema kwamba mashine hii hujiwasha wakati wowote bila onyo.