Kiti cha pikipiki kinachogoma kutoka, na mahali salama pa kubebea spana

SWALI: Fundi, habari za kazi. Ninabeba abiria na dagaa kati ya Igombe na soko la samaki la Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, kwa pikipiki yenye kiti kirefu kimoja. Nilipeleka kiti kushonwa upya, na tangu kirudishwe hakitoki kwa urahisi. Spana zangu zote ziko chini yake. Juzi usiku pikipiki ilizima taa na injini kwa pamoja, na asubuhi tukakuta fyuzi imeungua. Nitoeje kiti bila kukivunja, na vifaa nivibebe wapi?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu, na pole kwa usiku huo. Nianze na fyuzi, kwa sababu kwa maelezo yako naona iliungua kutokana na mahali unapoweka spana. Spana zilizolala ovyo chini ya kiti hucheza kila unapopita kwenye tuta au shimo, nazo hukwaruza nyaya kidogo kidogo mpaka ganda la waya linaisha. Shaba iliyobaki wazi ikigusa fremu, ambayo imeunganishwa na upande hasi wa betri, inapiga shoti, na fyuzi hukatika ili waya usiungue. Hapo ulinusurika, maana shoti ilitokea upande wa nyaya unaolindwa na fyuzi. Kama spana ingelala juu ya kichwa chanya cha betri huku ncha yake ya pili ikigusa fremu, fyuzi isingezuia lolote: spana yenyewe ingegeuka kuwa waya, ikapata moto mkali na kutoa cheche, na tanki la petroli liko shubiri chache tu kutoka hapo. Kwa hiyo weka fyuzi nyingine yenye namba ileile ya ampea, usiweke kipande cha waya wala karatasi ya sigara, na usiwashe pikipiki kabla ya kufungua kiti na kuona waya uliokwaruzwa.

Sasa kiti. Isimamishe pikipiki kwa stendi ya kati mahali pagumu, uiache ipoe, kisha uchomoe ufunguo. Kwenye pikipiki nyingi za kazi tunazotumia hapa Mwanza, kiti hushikwa mbele na nyuma. Mbele kuna ulimi wa chuma au plastiki ngumu chini ya bamba la kiti, unaoingia kwenye kishikio cha fremu nyuma ya tanki. Nyuma kuna bolti mbili, moja kila upande, ambazo mara nyingi hufichwa na kava za pembeni au hufungwa pamoja na keria. Toa kava kwanza kwa kuzivuta taratibu kwenye vishikio vyake vya mpira, uone bolti ziko wapi, halafu uzifungue kwa bokisi au kwa upande wa duara wa spana. Nyingi ni za namba 10 au 12, lakini jaribu mpaka spana ikae bila kucheza. Usitumie plaizi, kwa kuwa huvunja pembe za kichwa cha bolti na kukuachia kazi kubwa zaidi.

Kwa mtu anayebeba dagaa bolti hizo huwa na kutu. Maji ya ziwa letu hayana chumvi, lakini majimaji ya samaki yanayochuruzika kwenye keria hulowesha chuma kila siku, na ukibeba kayabo, yaani samaki waliokaushwa kwa chumvi, unaongeza chumvi yenyewe. Tia mafuta mepesi, usubiri robo saa, kisha uikaze bolti kidogo sana kabla ya kuilegeza, ukiirudisha mbele na nyuma mpaka iachie. Nati ikizunguka pamoja na bolti, ujue imebanduka kwenye fremu. Mpelekee mchomeleaji, lakini usikubali achomelee kabla tanki na betri havijatolewa.

Bolti zikishatoka, watu wengi huinua kiti juu kwa nguvu, na hapo ndipo ulimi huvunjika. Kiti huvutwa kwenda nyuma. Kwa kuwa chako kimeshonwa upya, nadhani sponji mpya ni nene na inasukuma tanki, au ngozi imekunjwa nyingi mno karibu na ulimi. Mwombe mwenzako abonyeze sehemu ya mbele kwa viganja viwili huku wewe ukiinua mkia kidogo na kuuvuta kwako. Kikishatoka, mrudishie mshonaji apunguze mkunjo huo, maana kiti kisichotoka ukiwa barabarani ni hasara kwako kila siku ya kazi.

Ukitaka kushughulikia nyaya, toa kwanza waya hasi wa betri, na wakati wa kurudisha anza na chanya. Zungushia utepe wa umeme palipokwaruzwa, na ufunike kichwa chanya kwa kofia yake ya mpira. Unaporudisha kiti, hakikisha hakuna waya wala mpira wa petroli uliobanwa, sukuma ulimi mpaka uingie, kisha jaribu kuinua kiti kwa mbele kabla ya kukaza bolti. Kikinyanyuka, ulimi haujaingia, na abiria atakuwa amekaa juu ya kitu kisichoshikwa. Paka grisi kidogo kwenye nyuzi za bolti.

Kuhusu vifaa, spana inayofungua kiti isikae chini ya kiti. Hiyo moja, pamoja na bisibisi na fyuzi ya akiba, viwe nje. Kata kipande cha tyubu kuukuu ya pikipiki, funga upande mmoja kwa waya, viringisha vifaa ndani ya kitambaa na uvitie humo, kunja mdomo, kisha ukifunge kwa mipira kwenye gadi ya mbele, yaani chuma kinachokinga injini, chini, mbali na ekzosi na bila kugusa tairi wala usukani. Uzito ukikaa chini karibu na injini hausumbui pikipiki kama ule wa kwenye ncha ya keria. Usibebe bisibisi mfukoni, kwani ukianguka itakuchoma.

Fungu hilo lisizidi unachoweza kutumia mwenyewe: spana 10, 12 na 14, spana ya plagi, spana inayofungua nati za ekseli zako, plaizi, viraka na solusheni, tairi liva mbili, pampu ndogo. Siku unayovuka daraja la Kigongo–Busisi kwenda Sengerema, au kivuko kwenda Ukerewe, ongeza tyubu nzima na klipu ya cheni.