Taima ya pampu inachelewa kila siku, ninunue ipi?

SUALI: Assalam alaykum fundi. Mie nnaangalia gesti moja hapa Paje, tuna bwawa la kuogelea na pampu ya 1.5HP. Taima alikuja nayo tajiri kutoka Marekani, ile ya sahani inayozunguka. Nnaiseti iwashe saa 2 asubuhi, kesho yake inawasha saa 7 kasoro mchana, kesho kutwa inakaribia saa 12 jioni. Nimebadilisha nyengine ya aina ile ile na mambo ni yale yale, na umeme haujakatika wiki nzima. Ninunue ipi?

JIBU: Waalaykum salaam kaka. Taima zako zote mbili nzima, ila zimetengenezewa umeme wa kwao. Ile mota ndogo inayozungusha sahani inafuata mipigo ya umeme, Marekani ni 60 kwa sekunde na hapa kwetu ni 50, kwa hivo kila zikipita saa 24 sahani inakuwa imekwenda saa 20 tu. Ndo maana kila siku inasogea mbele karibu saa 5, na ukiiacha bila kuigusa siku ya sita itawasha tena saa 2 asubuhi, hapo mtu anadhani imepona! Itazame lebo yake, utakuta 60Hz, yaani hiyo mipigo 60 kwa sekunde.

Sasa ya kununua iwe imeandikwa 230V na 50Hz, na hakikisha ina betri ya akiba ndani, maana huku umeme ukikatika saa 3, taima isiyo na betri nayo inachelewa saa 3 na wewe hujui mpaka uone maji yamegeuka rangi. Iwe ya sahani au ya dijito mie sijali, hilo la betri ndo la kushikilia.

Kitu kinachowaponza wengi ni 16A, yaani ampea 16, kiasi cha umeme ambacho taima inaweza kupitisha. Wanaona 16A, pampu ya 1.5HP inakula kama 7 au 8, wanasema inatosha. Soma vizuri, mara nyingi imeandikwa 16(4)A, na hiyo 4 ya kwenye mabano ndo ya mota. Pampu ikianza inavuta umeme mara kadhaa zaidi, vile vidole vya ndani vinavyounganisha umeme vinaungua au vinagandana, basi pampu haizimi tena. Weka kontakta, ile swichi kubwa inayowashwa kwa umeme, taima iwashe kontakta na kontakta ndo iwashe pampu. Vyote vikae kwenye boksi la IP65, lisiloingiza vumbi wala maji, chumvi ya upepo wa Paje inakula shaba haraka sana.

Kubadilisha mwite fundi umeme, azime breka ya pampu na apime kwa testa kabla hajashika waya, taima kuwa imezima haimaanishi waya hauna moto. Na kama laini ya bwawa haina RCD ya 30mA, kile kifaa kinachokata umeme ukivuja, aiweke siku hiyo hiyo, watu wanaogelea mule kaka.

Kwenye kuseti, saa 2 asubuhi ni 8 na saa 10 jioni ni 16, usiweke 2 ukawashia watu pampu usiku wa manane. Na kama mna mashine ya kutoa klorini kwa chumvi, ichukue umeme baada ya kontakta, izime pamoja na pampu, maana ikifanya kazi maji yamesimama gesi inajaa ndani na inaweza kupasuka.