Gari la misuli barabarani: maswali yenu na majibu

Safari hii barua nyingi zimeuliza jambo moja kwa namna tofauti: gari la misuli la Kimarekani, yale yenye injini kubwa ya V8 (silinda nane) yaliyoshika kasi tangu Pontiac ilipotoa GTO mwaka 1964 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, linafaa kutembelewa mjini au ni la kuegesha na kutazama tu? Nayapenda magari haya kwa dhati, na ndiyo maana sipendi kuona mtu akiuziwa la mashindano akidhani ni la kwendea sokoni.

Nimepata Chevrolet Chevelle SS 454 ya 1970. Muuzaji anasema ina nguvu farasi 450. Nataka kwenda nayo kazini wakati wa joto. Nguvu hizo si nyingi mno kwa mjini? (Msomaji, Minneapolis)

Nguvu peke yake haina ubaya, kwa sababu mguu unaokanyaga mafuta ni wako. Uliza kwanza ni injini ipi. Mwaka ule SS 454 ilitolewa na injini mbili zenye ukubwa uleule wa lita 7.4. LS5 iliandikiwa farasi 360, LS6 ikaandikiwa 450. LS6 ina mgandamizo wa 11.25 kwa 1 (kiasi ambacho hewa na petroli hubanwa ndani ya silinda) na tapeti ngumu (tapeti ni vipande vinavyosukuma valvu zifunguke), kwa hiyo kila baada ya muda fundi lazima afungue vifuniko arekebishe nafasi za valvu. LS5 ina mgandamizo wa 10.25 na tapeti za haidroliki zinazojirekebisha zenyewe. Kwa safari za kazini ningechukua LS5 bila kusita.

Petroli nayo ina neno. Mgandamizo wa 11.25 ulipangwa kwa petroli kali yenye madini ya risasi ya wakati ule. Ukiijaza LS6 petroli ya oktani 93 (oktani ni kipimo cha petroli kuhimili kubanwa) ya pampu za Marekani leo kisha ukapanda mlima, sikiliza: ukisikia mlio kama changarawe ndani ya kopo, injini inagonga, na kugonga huko huvunja pistoni. Usikubali maneno matupu kuhusu hizo farasi 450. Chevelle nyingi za kawaida zimevalishwa nembo ya SS baadaye, kwa hiyo dai karatasi za kiwandani na usome namba zilizogongwa kwenye injini. Tena farasi za miaka ile zilipimwa injini ikiwa peke yake, bila eksozi kamili wala vifaa vingine inavyoviendesha ikiwa garini. Kuanzia magari ya 1972 viwanda vya Marekani vilibadili kipimo, kwa hiyo usizilinganishe na za gari la leo.

Nimeipenda Chevrolet Camaro ya 1969, lakini ikisimama kwenye taa inatikisika mwili mzima na kutaka kuzima. Mwenyewe anasema hiyo ndiyo dalili ya nguvu. (Msomaji, Houston)

Ni dalili ya kemshafti kali (kemshafti ni mhimili unaofungua valvu), na hapo ndipo magari mengi mazuri yanapoharibiwa. Kemshafti ya mashindano huacha valvu wazi kwa muda mrefu ili injini ipumue vizuri ikizunguka kwa kasi sana. Chini ya hapo inapumua vibaya. Mjini unaendesha chini ya hapo karibu muda wote, kwa hiyo umelipia nguvu usiyoifikia, na ile unayoihitaji kuondoka kwenye taa imepungua.

Kibaya zaidi ni breki. Busta ya breki, inayokuongezea nguvu ukikanyaga pedali, hutegemea ombwe (mvuto wa hewa) linalotokana na injini. Injini ya kawaida ikizunguka bila kukanyagwa mafuta hutoa ombwe la inchi 17 hadi 20 za zebaki. Kemshafti kali huweza kulishusha hadi chini ya 10, na pedali inakuwa ngumu palepale kwenye foleni unapoihitaji zaidi. Nenda na geji ya ombwe, ni kifaa cha bei ndogo, mwombe aiunganishe mbele yako.

Kisha uliza uwiano wa difu, yaani gia za ekseli ya nyuma: shafti inazunguka mara ngapi kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu. Wengi hawaulizi, na ndio unaoamua kama utalipenda gari au utalichukia. Chukua difu ya 4.10, giaboksi ya zamani ambayo gia ya mwisho ni 1 kwa 1, na tairi lenye kipenyo cha inchi 26. Ukienda kilomita 110 kwa saa, injini inazunguka kama mara 3,600 kwa dakika, mfululizo, kutoka Houston hadi Dallas. Ukitia difu ya 3.08 inashuka hadi kama 2,700, mnaweza kuongea ndani ya gari. Kama difu imeshafungwa ya 4.10 na gari lenyewe ni zuri, giaboksi ya gia tano yenye gia ya mwisho ya 0.68 itakupa uwiano wa mwisho wa kama 2.79 badala ya 4.10, na mwanzo mkali unabaki vilevile.

Ukikuta difu iliyochomelewa ili magurudumu ya nyuma yazunguke pamoja daima, ondoka. Hilo ni la mashindano ya mstari ulionyooka. Kwenye kona litaburuza tairi na kukutoa barabarani siku ya mvua.

Nenda kulijaribu saa za foleni. Mpigie kabla, mwambie asiliwashe mpaka ufike, uone linavyowaka likiwa baridi. Nusu saa ya kusimama na kusogea itakuonyesha mengi kuliko kulipeleka kasi kwenye barabara tupu.

Shikamoo mzee. Kuna Dodge Charger R/T ya 1969 inauzwa hapa, injini 440. Joto letu italiweza? (Kijana wako, Muscat)

Marahaba, mwanangu. 440 Magnum, lita 7.2 na farasi 375, ni miongoni mwa injini za misuli zilizo tulivu kuliko nyingi: ina nguvu tangu chini na haina ujeuri. Tena Oman mnaendesha upande wa kulia, kwa hiyo usukani wake uko mahali pake, na petroli ya oktani 98 mnayo.

Hofu ni kuchemsha. Tazama rejeta, na tazama kama kava linalozunguka feni bado lipo. Watu hulitoa ili injini ionekane vizuri, kisha wanashangaa gari linachemsha likisimama. Joto likizidi chini ya boneti, petroli nayo huchemka ndani ya kabureta, gari linazima na kukataa kuwaka mpaka lipoe. Liendeshe adhuhuri, lizime dakika 15, liwashe tena. Likisumbua, pedi ya kuzuia joto chini ya kabureta na bomba la kurudisha mafuta kwenye tangi husaidia sana. Usishangae likila lita 20 hadi 30 kwa kilomita 100.

Gari la shemeji lina breki za ngoma magurudumu yote manne. Anasema zinatosha. (Msomaji, Atlanta)

Mara ya kwanza zinatosha. Ukizikanyaga kwa nguvu mara ya tatu mfululizo ngoma zinapata moto na gari halisimami. Mwambie afunge diski mbele. Kama gari ni la kabla ya 1967, huenda silinda kuu ya breki ina njia moja tu: uvujaji mahali popote unaondoa breki zote. Hiyo ibadilishwe kabla ya rangi, kabla ya redio, kabla ya chochote. Asome na tarehe ya tairi: tarakimu nne, wiki na mwaka, 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Kashata (meno ya tairi) nene haimaanishi tairi ni zima.

Naweza kuleta Ford Mustang ya 1969 Nairobi? (Msomaji, Kenya)

Vikwazo viwili vinakungoja: Kenya inataka usukani uwe kulia, na gari lililotumika lisizidi miaka 8. Usilipe chochote kabla ya kupata jibu la maandishi kutoka kwa mamlaka. Na kama V8 ya zamani ndiyo unayoipenda, soma pia habari za Ford Falcon GT na Holden Monaro za Australia, zilizozaliwa na usukani kulia. Kikwazo cha umri kitabaki palepale.

Mke wangu anauliza kama watoto wetu wawili watapanda nyuma. (Msomaji, Columbus)

Ameuliza vizuri kuliko wengi. Sheria ya Marekani ilidai mikanda ya bega kwa viti vya mbele kuanzia 1968. Nyuma utakuta ya kiunoni tu, na huenda imechakaa. Fundi wa bodi anaweza kufunga mikanda ya kupita begani, lakini lazima iwe na mahali pa kushikia palipoimarishwa kwa bamba la chuma, si tundu lililotobolewa kwenye bati. Mpaka hapo, watoto wapande gari lingine.