Kaa Kwenye Kiti Kwanza, Ndipo Uchomelee: Kufunga Mikanda ya Mashindano Kwenye Gari Lenye Kizimba

Mara ya kwanza nilipofunga mikanda ya pointi sita (miwili ya mabega, miwili ya nyonga, miwili ya kati ya mapaja) kwenye gari langu la mashindano, niliiona kazi yangu haina dosari. Kizimba, yaani fremu ya mabomba inayomlinda dereva ndani ya gari, kilikuwa kimekaa sawasawa, viti vya mashindano vimefungwa, na mikanda ya mabega nikaishusha nyuma ya kiti hadi sakafuni, kwenye matundu ya bolti za mikanda ya abiria wa nyuma. Nilijiambia kwamba kiwanda kilipachagua pale, basi pana nguvu ya kutosha. Mkaguzi wa usalama alichungulia dirishani, akaweka viganja vyake juu ya mabega yangu nikiwa nimekaa, akanikandamiza chini. "Gari likigonga," akasema, "mkanda utakufanya hivi, ila kwa nguvu ya tani." Siku ile sikuruhusiwa kushindana. Namshukuru hadi leo.

Alichonionyesha ndicho kiini cha jambo lenyewe. Gari linapogonga kwa mbele, mwili wako unaendelea kwenda mbele, kwa hiyo kazi ya mkanda wa bega ni kukuvuta nyuma. Mkanda ukiteremka kwa pembe ya nyuzi 45 kutoka usawa wa bega, nguvu inayokukandamiza chini inalingana na ile inayokuvuta nyuma, na anayeibeba ni uti wa mgongo wako. Ukiteremka kwa nyuzi 10 tu, nguvu ya kukandamiza haifiki hata moja ya tano ya ile ya kuvuta. Ndiyo maana kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mashindano ya magari, zinashauri mikanda ya mabega isiteremke zaidi ya nyuzi 10, na zinakataza kabisa kuvuka 45. Nawaona wengi wakiichukua hiyo 45 kama ruhusa. Mimi naichukua kama ukingo wa shimo.

Sakafu, basi, haifai, na hapo ndipo kizimba kinapokuwa msaada mkubwa. Ndani yake unachomelea bomba la kulala, linalokatiza nyuma ya viti, na mikanda ya mabega inafungwa hapo. FIA inataka bomba hilo liwe la chuma lisilo na mshono, angalau kipenyo cha milimita 38 kwa unene wa 2.5, au kipenyo cha milimita 40 kwa unene wa 2. Usikubali bomba la kuunga-unga lililobaki karakana.

Kosa langu la pili lilikuwa hapo hapo. Nilimwambia fundi achomelee bomba huku kiti kikiwa nje ya gari, tukakadiria kwa macho. Kiti kiliporudi, kilikaa chini kuliko tulivyodhani, na mikanda ikawa inapanda kutoka begani kwenda kwenye bomba, ikisugua ukingo wa juu wa matundu ya kiti. Tulikata, tukasaga, tukaanza upya. Siku hizi sianzi bila dereva. Akae kwenye kiti kilichokwisha kufungwa mahali pake, amevaa ovaroli, helmeti na kifaa cha kulinda shingo kama anakitumia, mgongo umegusa kiti barabara. Navuta uzi kutoka begani kupitia tundu la kiti hadi nyuma, napima pembe, naweka alama kwenye kizimba. Fundi anawasha mashine baada ya hapo. Kama gari lina madereva wawili wenye vimo tofauti, wote wawili wakae.

Mikanda iende nyuma karibu sambamba, isitanuke sana wala kubanana kupita kiasi. Mpaka wa FIA ni nyuzi 20 kutoka mstari wa katikati ya kiti, kwa upande wowote. Kingine kinachosahaulika ni urefu. Utepe, yaani kitambaa cha mkanda, hurefuka unapovutwa kwa nguvu kubwa, na kadiri ulivyo mrefu nyuma ya kiti ndivyo unavyorefuka zaidi, na kichwa chako kinafika mbali zaidi mbele. Bomba liwe karibu na kiti kadiri nafasi inavyoruhusu.

Sasa namna ya kuufunga mkanda kwenye bomba, maana hapa nimeona makosa hata kwenye magari ya watu wenye uzoefu. Usitoboe bomba la kizimba na kupitisha bolti hivi hivi: umelidhoofisha, na litabonyea bolti inapokazwa. Ukitaka bolti, ichomelewe bushi (kibomba kifupi cha kupitishia bolti) ndani ya bomba kwanza. Njia ninayoipenda ni kuzungusha utepe kwenye bomba na kuubana kwa kibano cha chuma chenye pau tatu. Utepe unapita kwenye kibano, unazunguka bomba, unarudi kwenye kibano, kisha mkia wake unarudishwa kinyume kupita upau uliobaki ili ujibane wenyewe. Ile hatua ya mwisho ndiyo inayorukwa. Bila hiyo, mkanda unaonekana mzima na hata ukiuvuta kwa mkono hautelezi, lakini siku ya ajali unachomoka. Kibano kisukumwe hadi karibu kabisa na bomba, na mkia unaobaki usipungue sentimita 10. Chomelea vizuizi vidogo kwenye bomba ili mkanda usihame kwenda pembeni, na usage kingo zake zisiukate.

Mikanda ya nyonga ina hila yake. Ipite ndani ya matundu ya kiti, isipande juu ya kingo zake, na ikae chini, kwenye mkunjo kati ya mfupa wa nyonga na paja. Ikikaa juu ya tumbo, itaumiza viungo laini vya ndani. Kishikizo chake kwenye sakafu kiweze kuzunguka na kufuata mwelekeo wa mkanda, ili utepe uvutwe sawa kwa upana wake wote. Dale Earnhardt, dereva maarufu wa mashindano ya NASCAR ya Marekani, alipofariki kwenye mzunguko wa mwisho wa mbio za Daytona 500, Februari 18, 2001, mkanda wake wa nyonga wa kushoto ulikutwa umekatika. Ripoti ya NASCAR ya Agosti mwaka huo ilieleza kwamba utepe ulijikusanya upande mmoja ndani ya kirekebishi chake (kifaa cha kukazia na kulegeza mkanda), ukachanika. Mabishano kuhusu ajali ile yalikuwa mengi, lakini tangu niisome siachi kishikizo kimekaa mshazari.

Usifunge mkanda wowote kwenye kiti au kwenye miguu yake. Kiti kikichomoka, utaondoka nacho. Na bati la sakafu peke yake halitoshi. Chini yake weka bamba la chuma lenye eneo la sentimita za mraba 40 na unene wa milimita 3, angalau. Kila pointi ya kufungia mkanda wa bega au nyonga inatakiwa ihimili karibu tani moja na nusu. Mikanda ya kati ya mapaja inahitaji nusu ya hiyo, nayo kazi yake ni kukuzuia usiteleze chini ya ule wa nyonga, kwa hiyo usiiache ikining'inia eti inakera.

Wakati wa kujifunga, kaza nyonga kwanza, kwa nguvu, ndipo mabega. Ukianza na mabega, utauvuta mkanda wa nyonga juu hadi tumboni.

Kazi ikiisha, napiga mstari mwembamba wa rangi nyeupe kutoka kwenye nati hadi kwenye bati, na mwingine kwenye utepe pale unapoingia kwenye kibano. Kabla ya kila mashindano nazunguka na tochi. Mstari uliokatika unaniambia kuna kitu kimesogea, na gari haliondoki hadi nijue ni kipi.